Majina Kumi na Moja ya Februari Ishirini na Tisa

Kadii Mramba alikuwa mtu wa kuuliza. Tangu udogo wake kule Ganda aliwachosha watu kwa maswali. Kwa nini kitunguu kimlize anayekikata, kisimlize anayekila? Kwa nini jogoo awike kabla hajaliona jua? Nyanyake, ambaye yeye alimwita hawe kama wafanyavyo Wagiriama, alizoea kumwambia kwamba mtoto mwenye maswali mengi huzeeka kabla hajaolewa. Hilo halikutimia. Kadii aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na alipofika ishirini na tatu akarudi kwa babake, hana mtoto, hana malalamiko, na maswali yake yote angali nayo.

Mzee Mramba hakumsuta mwanawe. Alimpeleka Malindi kwa masista akajifunze kupiga taipu, na taipu ndiyo iliyompatia kazi, mwaka wa themanini na tatu, katika zahanati ya mradi wa kifua kikuu iliyojengwa nje kidogo ya Ganda. Aliandika barua na kutunza kadi za wagonjwa. Mradi ulikuwa wa wageni, na wageni walipomaliza muda wao waliacha jenereta na kompyuta moja, iliyowekwa mezani imefunikwa kitambaa cheupe, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kadii aliizungukazunguka miezi mitatu. Mwisho akamwomba mkuu wa zahanati wa wakati ule ampeleke akafunzwe, naye akampeleka Mombasa kwa wiki moja.

Huko Mombasa wanafunzi walikuwa wengi kuliko mashine, wakaketishwa watatu watatu. Wenzake Kadii walikuwa Mahadhi bin Mbaruk, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Kilifi, mtu mpole ambaye wazee wake walitoka Pate. Na Mumbua, karani wa shamba la utafiti kule Mtwapa, aliyecheka kwa sauti hata mwalimu akasimamisha somo. Siku ya mwisho wale watatu walikuwa wameshajua kuiamrisha mashine ihesabu, ipange majina, irudie kazi bila kuchoka. Wasiyoyajua yalikuwa bado mengi, na kila mmoja alikuwa anarudi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Mahadhi akavuka barabara, akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu jeusi. Kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa hati yake nzuri: "Kilichomo humu ni cha kila mmoja wetu. Nakili, tumia, rekebisha, na marekebisho uyarudishe humu humu ili na mwenzio yamfae." Wote watatu wakatia sahihi.

Daftari likaanza safari zake. Lilipanda gari la magazeti lililotoka Mombasa kila asubuhi, likateremshwa Mtwapa kwa Mumbua, wiki nyingine likavuka kivuko cha Kilifi hadi kwa Mahadhi, kisha likafika Malindi kwa muuza magazeti mmoja aliyemhifadhia Kadii chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na programu zilizoandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari, kila mstari na nambari yake. Mumbua aliandika ya kupima mvua. Mahadhi, ambaye nduguye alimletea kompyuta ndogo kutoka Ghuba, ya kuunganishwa na televisheni, aliandika ya kupanga ratiba ya shule. Mmoja akikwama, wenzake walimkwamua pembeni mwa ukurasa.

Lakini daftari halikuwa la mashine peke yake. Baina ya programu na programu waliandikiana yote yaliyowashughulisha. Mumbua aliuliza kwa nini kaa hutembea upande. Kadii akauliza kwa nini ganda la korosho huunguza ngozi na korosho yenyewe ikawa tamu. Mahadhi aliwajibu wote kwa adabu, akianza kila jibu na salamu ndefu: "Dada Kadii, baada ya kukusalimu na kukutakia afya njema, ama kuhusu swali lako la mjusi asiyeanguka darini, nimemtazama kwa siku tatu na bado sijamwelewa." Mumbua akaandika chini yake: "Mwalimu, siku tatu unaangalia mjusi? Wanafunzi wako wako wapi?" Mahadhi akarudisha neno kwamba "unaangalia mjusi" si Kiswahili sahihi. Kadii alisoma hayo akiwa peke yake katika chumba cha kadi, akacheka mpaka muuguzi akachungulia.

Katika daftari hilo ndimo Kadii alimoandika programu yake kubwa.

Wagonjwa wa kifua kikuu walitakiwa kuja kuchukua vidonge kila baada ya wiki nne, mwaka mzima. Wengi, kikohozi kikipoa na mwili ukirudi, waliona wamepona, wakaacha. Hao ndio walioanguka tena, na mara ya pili dawa haikuwashika sawasawa. Kila Ijumaa Kadii alipekua kadi mia nne, moja moja, kuwatafuta waliopitisha siku yao, akampa majina Gona. Gona alikuwa mtu wa baiskeli wa zahanati. Aliwafuata mpaka vichochoroni na makondeni, Ganda, Jilore, ng'ambo ya Sabaki, akawabembeleza, na akishindwa kubembeleza aliketi mlangoni pao hadi wakachoka kumwona.

Kadii akaifundisha kompyuta kazi hiyo ya Ijumaa. Ilimchukua miezi saba, na daftari lilikwenda na kurudi mara nyingi. Mumbua alimwonyesha namna ya kupanga majina kwa vijiji. Mahadhi alipunguza mistari mia sita ikawa mia nne. Siku ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, karatasi ilitoka na majina tisa, Gona akaishika mkononi, akaitazama pande zote mbili.

"Hii imewajua vipi?" akauliza.

"Nimeiambia mimi," Kadii akasema. "Na wengine wawili ambao hujawaona."

Mwaka uliofuata, themanini na sita, Mahadhi aliandika kwa kalamu nyekundu kando ya mstari wa mia tatu na arobaini: "Dada yangu, hapa umeipa Februari siku ishirini na nane. Themanini na nane ni mwaka mrefu. Mashine itaikataa tarehe ishirini na tisa, na aliyekuja siku hiyo atakuwa kama hakuja." Chini yake akaandika mstari wa kurekebisha. Kadii akamjibu: "Ahsante, Mwalimu. Themanini na nane ni mbali, lakini nitautia." Hakuutia wiki ile. Jenereta ilikuwa mbovu. Kisha mamake akaugua, akamzika, na alipoondoka matangani zahanati ilikuwa imepata mkuu mpya.

Bwana Joram hakuwa mtu mbaya, na Kadii mwenyewe hakupata kumsema hivyo hata baadaye. Alikuwa mchapakazi, nadhifu, mwenye hamu kubwa ya kuona zahanati ya porini inatajwa mijini. Alipoiona ile karatasi ya Ijumaa aliisoma mara mbili. Baada ya wiki mbili kompyuta ikahamishiwa chumbani mwake. Baada ya mwezi, ukiiwasha, jambo la kwanza kutokea kwenye kioo lilikuwa jina lake, na chini yake jina la mradi. Aliipeleka programu kwenye mkutano wa wakuu wa zahanati na akarudi na picha yake akipewa mkono.

Kadii aliona jina, akanyamaza. Kilichomuuma zaidi ni kufuli. Bwana Joram aliihifadhi programu upya kwa namna ambayo ilifanya kazi lakini haikuweza kufunguliwa mistari yake ikasomwa.

"Ni kwa usalama," alimweleza. "Kila mtu akiweza kuingia ndani akabadilisha, siku moja tutaamka hakuna kitu."

"Lakini kuna mahali pa kurekebishwa, bwana mkubwa. Februari ya mwaka kesho."

"Tutaangalia. Iandike mahali unikumbushe."

Kadi za karatasi nazo zikapelekwa stoo, kwa kuwa hazikuhitajika tena. Kadii akarudi kwenye taipu yake. Katika daftari aliandika mistari michache tu, juu ya bei ya nazi na juu ya kunguru aliyejifunza kufungua mfuniko wa chungu. Mahadhi aliuliza, "Programu yako inaendeleaje?" Akajibu: "Inaendelea bila mimi."

Februari ishirini na tisa mwaka wa themanini na nane ilikuwa Jumatatu, siku ya wagonjwa. Kadii aliiona kwenye kalenda tangu asubuhi. Saa nne akaondoka kwenye meza yake, akaenda hadi mlangoni pa Bwana Joram, mkono umeshainuliwa kubisha. Ndani mlikuwa na wageni na vikombe vya chai. Akasikia Bwana Joram akiwaeleza mashine inavyofanya kazi, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Kadii akaushusha mkono. Akajiambia atarudi wakiondoka. Waliondoka jioni, naye alikuwa amekwisha kwenda kupanga foleni ya maji. Kesho yake akajiambia, labda Bwana Joram amekwisha kuona. Kesho kutwa hakujiambia kitu.

Miezi ikapita. Masika yakaja na kuondoka.

Ilikuwa Agosti, Gona alipoegemeza baiskeli dirishani pa Kadii na kuvua kofia.

"Mwalamukadze, Kadii," akamwamkia kwa Kigiriama.

Kadii akaitikia, lakini uso wa Gona haukuwa wa maamkizi.

"Natoka Jilore. Nimepita kwenye kilio. Yule mzee mchonga vinu, Menza, wamemzika jana. Kifua. Nimemuuliza mkewe, anasema tangu Machi hakumeza kidonge." Akaipapasa kofia. "Kwa nini hamkunipa jina lake? Jilore nimekwenda mara sita tangu Machi. Nyumba yake iko kando ya njia."

Kadii alimjua Menza. Alikuwa mtu mrefu, mwenye viganja vigumu kama mbao alizozichonga. Siku moja, wakati kompyuta ingali chumbani mwa kadi, alichungulia akauliza, "Hicho kioo, mimi kinanijua?" Kadii akamtafutia jina lake, likatokea. Mzee hakujua kusoma, lakini alilitazama, akacheka, akasema, "Kumbe nimo." Akaenda zake ameridhika, kana kwamba ameambiwa amepona.

Kadii aliinuka akaenda chumba cha dawa, ambako muuguzi aliandika kwa wino kila kidonge kilichotoka. Akafungua ukurasa wa Februari ishirini na tisa. Kulikuwa na majina kumi na moja. Akayatafuta kwenye karatasi zote za Ijumaa tangu siku ile, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na hata mmoja. Mashine iliikataa tarehe yao, ikawaacha bila siku ya kurudi, na asiye na siku ya kurudi hawezi kuipitisha. Kumi walikuwa wamekuja wenyewe mwezi wa tatu, wakapewa tarehe mpya. Wa kumi na moja alikuwa Menza.

Akakichukua kitabu cha dawa kama kilivyo, akaingia kwa Bwana Joram bila kubisha.

Bwana Joram alisoma, akasikiliza, akasoma tena. Rangi ilimtoka. Akakifunga kitabu, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Kadii, programu si ni wewe uliyeiandika?"

Kadii alikuwa amejiandaa kwa hasira na kwa kukanushwa. Hilo hakulitarajia. Kwenye kioo nyuma yake jina la Bwana Joram lilikuwa linang'aa palepale.

"Ni mimi," akasema.

"Kosa basi ni lako."

"Ni langu. Na nilikuambia."

"Uliniambia mara moja."

Ilikuwa kweli. Alimwambia mara moja.

Bwana Joram akaamuru programu ifunguliwe irekebishwe siku hiyo hiyo. Haikufunguka. Nakala zote alizokuwa nazo zilikuwa za kufuli. Palipobaki mistari yake inayosomeka palikuwa mahali pamoja tu duniani, nalo daftari lilikuwa Mtwapa. Kadii akampigia Mumbua simu kutoka posta ya Malindi. Mumbua hakucheka hata kidogo. Alipanda gari mwenyewe, akapita Kilifi akamchukua Mahadhi shuleni, na siku ya pili wote wawili wakateremka Ganda na daftari limefungwa kwa kanga.

Ilikuwa mara ya kwanza wale watatu kukaa tena mbele ya mashine moja tangu Mombasa. Mumbua alisoma mistari, Kadii akapiga, Mahadhi akakagua. Walipofika mia tatu na arobaini, Mumbua akasita, akasoma maneno mekundu kimoyomoyo, kisha akausoma mstari wa marekebisho kwa sauti isiyo yake. Kadii akaupiga. Ulikuwa na herufi zisizofika arobaini.

"Mwalimu," Kadii akasema bila kugeuka, "uliniandikia."

"Niliandika, dada yangu. Na sikuuliza tena kama umeutia. Miaka miwili niliuliza habari za kaa na mijusi, hilo sikuliuliza."

"Tusigawane kosa hili, Mwalimu. Niache nalo."

Mahadhi akainamisha kichwa. Jioni wakaondoka. Bwana Joram alikuwa amezitoa kadi stoo kwa mikono yake, akazipanga upya mezani, suruali yake nyeupe imejaa vumbi. Jina lake halikurudi tena kwenye kioo. Mwaka haukuisha, akaomba uhamisho.

Kadii alikwenda Jilore Jumamosi iliyofuata. Alimkuta Kanze, mjane wa Menza, akipura mahindi uani. Vinu vitatu ambavyo havijamalizika vilikuwa vimelala ukutani. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akatoa pole. Kisha akasema alilolijia. Alilisema kwa Kigiriama, taratibu, bila kujipunguzia: kwamba jina la mumewe lilipotea ndani ya mashine, kwamba kosa lililolipoteza alilitia yeye, kwamba alionywa, na kwamba siku yenyewe alifika mlangoni akarudi.

Kanze alisikiliza, mkono juu ya gunzi.

"Angekuja yule wa baiskeli," akasema hatimaye, "Menza angemfukuza. Angemfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili angempa maji. Mara ya tatu angemfuata." Akaliweka gunzi chini. "Yeye alidhani mmemwacha kwa sababu amepona. Nilipomwambia aende, alisema, wangekuwa wananitaka wangekuja."

Ndani ya nyumba mtu alikohoa. Kadii akageuza kichwa. Kikohozi alikijua, alikuwa akikisikia kila Jumatatu kwa miaka mitano.

"Ni nani huyo?"

"Mke wa mwanangu," Kanze akasema. "Tangu Juni."

Yule mke wa mwana alianza dawa Jumatatu ile. Zahanati ilikuwa na Gona wa kufuatilia, lakini Kadii alimwomba Gona amwachie nyumba hiyo moja. Kila baada ya wiki mbili alitoka Ganda alfajiri, akafika Jilore kwa miguu au kwa gari la kuni alipolipata, akaketi uani mgonjwa ameze mbele yake. Wakati wa vuli alivuka matope hadi magotini. Kanze alimwekea kigoda kila mara, na maji. Hakuzungumza naye zaidi ya salamu. Kadii naye hakutafuta mazungumzo. Yule mwanamke kijana alinenepa, kikohozi kikaisha, na mwezi wa Agosti wa themanini na tisa makohozi yake yakapimwa mara tatu yakaonekana safi.

Daftari halikufa ghafla. Liliendelea kupita miezi kadhaa, likija na programu tupu, bila swali wala mzaha. Mumbua alijaribu mara moja kuandika habari za kuku wake aliyeatamia mayai ya bata, hakuna aliyemjibu. Kisha Mahadhi akapata kazi Maskati kwa yule nduguye, akaliacha kwa Mumbua, Mumbua akalituma kwa Kadii na barua ya mistari miwili kwamba kurasa zimekwisha. Kurasa hazikuwa zimekwisha. Zilibaki ishirini na kitu.

Kadii alikwenda Jilore mara ya mwisho kupeleka matokeo ya vipimo. Alimsomea mgonjwa, akamwonyesha Kanze karatasi yenye muhuri. Kanze aliishika, akairudisha. Akamsindikiza hadi njiani, jambo ambalo mwaka mzima hakulifanya.

"Mwanangu," akamwambia, "umekuja jua na mvua, nimeona. Mkaza mwanangu amepona, na Mungu akulipe. Lakini sasa usije tena. Kila nikikuona unaingia pale, namsikia yeye akisema wangekuwa wananitaka wangekuja. Sina kinyongo. Nataka tu nisikusikie ukibisha hodi."

Kadii akasema, "Haya, mama."

Akangoja kama Kanze ana la kuongeza. Kanze hakuwa nalo, na Kadii hakuuliza kitu. Akashika njia ya Ganda. Gari la kuni lilimpita, dereva akapiga honi kumwita apande, naye akampungia mkono aendelee.